Fahamu: Kwa nini dunia inagombania mchanga?

Mchanga nao ni rasilimali?

Ndiyo, na ukiacha maji, hakuna inayotumika zaidi. Umoja wa Mataifa unakadiria dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, nyingi kwa zege. Mchanga wa jangwani haufai: upepo umezilainisha chembe zake, hazishikani. Ndiyo maana mito na fukwe huchimbwa.

Madhara ni yapi?

Katika kaunti ya Makueni, Kenya, mito ya msimu huhifadhi maji ndani ya mchanga. Kiangazi, watu hufukua visima vifupi mtoni na kuchota kwa kata. Malori yakishauzoa mchanga hadi kwenye mwamba, maji ya mvua hupita tu, visima hukauka. Ni bei kubwa mno kulipia maghorofa ya mbali.

Hatua gani zimechukuliwa?

Mwaka 2015 kaunti hiyo ilitunga sheria ya kudhibiti uchimbaji.