Mitishamba katika Mabwawa ya Kambamiti

Dawa za mimea katika ufugaji wa kambamiti hutokana na majani, mizizi, vitunguu na mbegu, ambazo huchanganywa na chakula au kutiwa katika maji ya bwawa ili kuzuia maradhi na kupunguza vifo. Wafugaji na watafiti wa Thailand, Vietnam, India na Indonesia wamezitumia na kuzipima kwa miaka mingi. Manufaa yake ni ya kweli, ila yana mipaka. Mmea humwimarisha kambamiti kabla ya ugonjwa kuingia, lakini ni nadra kuliokoa bwawa ambalo ugonjwa umekwisha kulishika.

Maradhi mawili ndiyo yaliyowatia wafugaji hasara kubwa kuliko mengine. La kwanza ni ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na virusi na uliojitokeza Asia Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kambamiti aliyeambukizwa huacha kula, hujivuta hadi ukingoni mwa bwawa, na mara nyingi gamba lake huota madoa meupe madogo. Karibu bwawa zima laweza kufa ndani ya siku 3 hadi 10. Ugonjwa huo ulifika Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, kwa hiyo pwani ya Afrika Mashariki nayo imo hatarini.

La pili ni ugonjwa wa vifo vya mapema, ulioanza kuonekana China mwaka 2009, ukaenea Vietnam, Malaysia na Thailand, kisha ukafika Mexico mwaka 2013. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona nchini Marekani walibaini kwamba chanzo chake ni aina maalumu za bakteria Vibrio parahaemolyticus zinazotoa sumu. Sumu hiyo huharibu kiungo kinachofanya kazi ya ini na kongosho: hupauka, husinyaa, na vifaranga hufa katika mwezi wa kwanza tangu wapandikizwe bwawani.

Antibayotiki haziwezi kumaliza tatizo hili. Haziui virusi, na zikitumiwa ovyo huzalisha bakteria sugu. Tena Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kloramfenikoli na nitrofurani kwa wanyama wa chakula, na shehena inayokutwa na mabaki yake hukataliwa sokoni. Chanjo nazo hazimfai kambamiti kama zinavyomfaa samaki au kuku, kwa sababu mwili wake hautengenezi kingamwili. Hutegemea chembe za damu zinazommeza mdudu wa maradhi au kumzingira, pamoja na vimeng'enya vinavyomzibia njia.

Mimea hufanya kazi kwa njia tatu. Baadhi ya viambata vyake huua au hudumaza bakteria. Vingine huamsha chembe za damu na vimeng'enya vya kinga. Vingine huongeza hamu ya kula na kusaidia usagaji wa chakula. Majani ya mpera yana tanini zinazodhoofisha Vibrio katika maabara. Manjano na tangawizi huchanganywa na chakula ili kuchochea kinga. Nchini India, watafiti waliwalisha kambamiti chakula kilichotiwa dondoo la ukoka, nyasi ileile itambaayo viwanjani, kisha wakawaambukiza virusi vya madoa meupe. Waliolishwa ukoka walinusurika kwa wingi kuliko wale ambao hawakulishwa.

Maandalizi yana uzito sawa na mmea wenyewe. Kitunguu saumu kizima hakina alisini, kiambata chake kikuu cha kupambana na bakteria. Alisini huundwa pale kitunguu kinapopondwa na kimeng'enya chake kukutana na kiambata kingine kilichokuwa kimetengwa. Joto hukiharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo kitunguu huachwa dakika chache baada ya kupondwa, wala hakichemshwi kwanza. Maji yake hunyunyiziwa punje za chakula, punje hupakwa mafuta ya samaki au ute wa yai ili dawa isiyeyukie majini, kisha huanikwa kivulini. Hatua hiyo ya kupaka haiachwi, kwa kuwa kambamiti hula polepole, akiishika punje kwa miguu na kuimung'unya kidogo kidogo. Baada ya kulisha, chano cha ukaguzi huinuliwa kutoka majini ili kuona kama kambamiti wanakula. Mstari mweusi usiokatika mgongoni mwa kambamiti huonyesha kwamba utumbo umejaa; ukiwa mweupe au umekatikakatika, amepunguza au ameacha kula.

Kuwa ya asili hakuifanyi dawa kuwa salama. Mwarobaini una azadiraktini, kiambata kinachovuruga ujibanduaji wa gamba wa wadudu, na kambamiti, ambaye naye hukua kwa kujibandua gamba, anaweza kudhurika. Mashudu ya mbegu za chai yana saponini inayoua samaki waharibifu bwawani. Kambamiti huistahimili zaidi, lakini kipimo kikizidi naye huumia. Majani mengi yakiozea majini hula oksijeni. Aidha, nguvu ya mmea mmoja hubadilika kufuatana na udongo, msimu na sehemu iliyochumwa, na matokeo ya chupa ya maabara huwa hayafanani na ya bwawa lenye tope, mwani na joto linalopanda na kushuka.

Kwa hiyo dawa ya mmea hujaribiwa kwanza katika bwawa moja, na bwawa jingine la hali ileile likaachwa bila dawa, kisha vifo, uzito na ulaji hulinganishwa. Nayo hutanguliwa na mambo ya msingi: vifaranga waliopimwa na kuthibitishwa hawana virusi, bwawa lililokaushwa na kutiwa chokaa kabla ya msimu, maji yaliyochujwa kuzuia kaa na kamba wa mwitu wanaobeba maradhi, na chakula kisichozidi kiasi. Mambo haya yakizingatiwa, kitunguu saumu, jani la mpera au ukoka huweza kupunguza vifo na kumwondolea mfugaji sababu ya kukimbilia antibayotiki.