Ngiri haizibwi kwa yoga: Tengeneza mapema kabla haijakaba

Leo safu hii inazungumzia ugonjwa ambao wengi huuficha kwa miaka kwa sababu ya aibu, nao ni ngiri, au henia kama wanavyoiita madaktari. Tumeuchagua kwa kuwa siku hizi watu wanaonyeshana kwenye simu mazoezi ya yoga yanayodaiwa kuiponya bila kisu. Simu haina mpaka. Aliyeko Laela au Namanyere anaona yale yale anayoyaona mtu wa Dar es Salaam. Je, mwenye ngiri afanye mazoezi hayo au aende hospitali?

Ngiri ni nini?

Tumbo limezungukwa na ukuta wa misuli. Ukuta huo ukilegea mahali, hubaki tundu, na utumbo au mafuta ya tumboni husukumwa kupitia hapo hadi ukaonekana uvimbe chini ya ngozi. Uvimbe hutokeza ukisimama, ukikohoa au ukibeba mzigo, na aghalabu hurudi ndani ukilala chali.

Ya kinena ndiyo inayoonekana zaidi, hasa kwa wanaume. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema kiasi cha asilimia 12 ya wanaume watu wazima Tanzania wanayo. Ipo pia ya kitovu, ipo inayotokea kwenye kovu la upasuaji, na ipo ya juu ya paja, ambayo huwapata zaidi wanawake na hukaba kwa urahisi.

Tusichanganye mambo. Mitaani kila maumivu ya kiuno na kila upungufu wa nguvu za kiume huitwa ngiri, na wauza dawa hufaidika hapo. Busha nalo ni kitu kingine, ni maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani. Daktari ndiye wa kutofautisha, na kwa kawaida humpima mgonjwa kwa mkono tu akiwa amesimama na kukohoa.

Kazi za Ufipa na ngiri

Chochote kinachosukuma tumbo kwa nguvu huongeza ngiri. Katika uwanda wa Ufipa mtu hulima kwa jembe la mkono, hupakia magunia ya mahindi ya lumbesa, na mama hubeba kuni na maji. Ongeza hapo kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, na wazee wanaojikamua wakati wa kukojoa kwa sababu ya tezi dume. Mambo hayo yatibiwe pia. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu.

Yoga inaweza nini?

Tuseme ukweli pande zote. Kuvuta pumzi taratibu na kujinyoosha kwa upole huweza kumtuliza mtu, na mwili mwepesi usio na choo kigumu huipunguzia ngiri shinikizo. Lakini tundu la ukuta wa tumbo kwa mtu mzima halizibwi na zoezi lolote. Ni sawa na gunia lililotoboka. Hata ulipange vizuri namna gani, tundu litabaki mpaka lishonwe.

Tena yapo mazoezi yanayodhuru: kuinua miguu yote miwili ukiwa umelala chali, kujipinda sana kwa nyuma, kubana pumzi huku umekaza tumbo, na kupuliza pumzi kwa nguvu mfululizo. Yote hayo husukuma utumbo nje, kama anavyofanya mbeba gunia. Uvimbe ukitokeza au ukiuma wakati wa zoezi, acha.

Kuhusu hukumu ya yoga kisheria, tunawaachia masheikh. Itoshe kusema kwamba baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 na lile la Indonesia mwaka 2009 yalikataza yoga yenye maneno ya ibada ya Kihindu, na lile la Indonesia likasema mazoezi ya mwili matupu hayana tatizo. Sisi hapa tunazungumzia tiba, na kwa upande wa tiba jibu ni lile lile kwa kila mtu.

Mkanda wa ngiri nao hushikilia kwa muda tu, hautibu. Chale na dawa za kunywa haziwezi kushona misuli.

Hospitali hufanya nini?

Daktari hurudisha utumbo ndani na kuziba tundu kwa nyuzi au kwa wavu maalumu, baada ya kupiga ganzi. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wavu wa bei nafuu, uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua na kutakaswa vijidudu, ulifanya kazi sawa na ule wa gharama kubwa. Katika mwaka wa kwanza ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu. Upasuaji una hatari zake, kama kidonda kuoza au maumivu kubaki, lakini haukusudii kukata uanaume wa mtu kama inavyosemwa vijiweni.

Je, kila ngiri ikatwe leo? Hapana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume 720 ambao ngiri ya kinena haikuwasumbua sana, na ukaona kusubiri chini ya uangalizi wa daktari si hatari kubwa. Hata hivyo, baada ya miaka 10, karibu wawili kati ya kila watatu waliosubiri walikuwa wameshapasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Na kusubiri kunamfaa anayeweza kufika hospitali haraka. Anayeishi bondeni Ziwa Rukwa, ambaye lazima apande ukingo wa Lyamba lya Mfipa ili afike Sumbawanga mjini, afikirie hali ya barabara wakati wa masika. Ni bora apange upasuaji wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, akiwa na akiba mkononi, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ya Dk. Atiman au ya wilaya yake.

Akishapasuliwa atembee mapema, ila asibebe mizigo mizito kwa wiki sita au kadiri atakavyoelekezwa.

Dalili za hatari

Uvimbe uliokuwa ukirudi ukikataa kurudi, ukawa mgumu na kuuma sana, ukabadilika rangi, mgonjwa akatapika, tumbo likajaa, akakosa choo na upepo, basi ngiri imekaba. Utumbo umenyimwa damu na unaweza kuoza ndani ya saa chache. Usimkande, usiusukume kwa nguvu, usimpe chakula wala dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa watoto, ngiri ya kitovu mara nyingi huziba yenyewe kabla ya miaka mitano. Kuifunga kwa sarafu hakusaidii. Ya kinena kwa mtoto haizibi, apelekwe mapema.

Ibada na aibu

Mwenye ngiri anayeumia akirukuu au akisujudu anayo ruhusa ya kuswali kwa kukaa, wala asiache swala. Kufunua sehemu za siri mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja ya tiba kunaruhusiwa, na mama anaweza kuomba tabibu wa kike akiwepo. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na kutawakali hakuondoi kutafuta sababu. Baba, kama unao uvimbe unaouficha chini ya kanzu, mwambie mkeo leo, kisha mpange siku ya kwenda hospitali. Wallahu a'lam.