Chumba cha Shilingi 30,000 Kinagharimu Kiasi Gani?

Meli ya New Victoria hung'oa nanga Mwanza usiku, hupitia Kemondo, na asubuhi abiria wanashuka bandari ya Bukoba na mabegi yao, macho mekundu, wakiulizana chumba kizuri kiko wapi. Hapo ndipo wasafiri wengi wanapopata hasara ya kwanza, kabla hata hawajakiona kitanda. Gesti nyingi nchini huhesabu siku yao kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 asubuhi ya pili. Ukiingia saa 1 asubuhi ukatoa 30,000 yako bila kuuliza, mhudumu mwenye msimamo ana haki, kwa kanuni ya nyumba, kukugongea mlango saa 4 na kuuliza: "Unaondoka au unaendelea?" Umelala saa tatu, umelipa siku nzima.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mtego huohuo unawanasa pia wanaotoka Dar es Salaam kwa barabara, maana basi linaweza kukushusha stendi saa yoyote. Dawa yake haina gharama. Kabla ya kutoa pesa sema wazi: "Nalipa ya leo, natoka kesho saa 4, sawa?" Wakikataa, omba kuacha begi mapokezi, unawe uso, ukanywe chai mjini, urudi saa 4 uanze siku yako kihalali. Na kwa anayepanga bajeti, kitanda cha melini kihesabiwe kama usiku mmoja wa hoteli ulioulipia tayari. Tofauti ya nauli kati ya kiti na kitanda mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya chumba unachokimbilia asubuhi kwa sababu hukulala.

Sasa bei zenyewe. Kwa miji ya ukubwa huu, chumba cha choo cha nje huwa kati ya 10,000 na 20,000. Chumba cha self huanzia 25,000 hadi 45,000 hivi. Hoteli yenye maegesho, mgahawa na mapokezi ya vioo huanzia 60,000 na kuvuka 120,000. Mji jirani wa Muleba hushuka kidogo katika kila kundi, na kundi la juu kule lina nyumba chache za kuchagua. Disemba bei hupanda kote kote, kwa sababu Wahaya wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na si wote wanaotosha kwenye nyumba za wazee.

Kundi la kati ndilo linalowaliza watu. Tuseme gesti A ina chumba cha choo cha nje kwa 15,000, na gesti B ina self kwa 35,000. Ile 20,000 ya ziada unanunulia vitu vitano: choo cha ndani, hita, televisheni, waifai na chai ya asubuhi. Sasa ingia chumbani. King'amuzi kinaonyesha maandishi kwamba kifurushi kimeisha. Waifai inashika ukisimama mapokezi. Hita haina taa. Chai ni ya mtu mmoja, na nyie mko wawili. Kilichobaki ni choo, na bomba la mvua limefungwa juu yake kabisa, kiasi kwamba mtu mmoja akioga, karatasi inalowa, sakafu inalowa, na kandambili mbili za mlangoni, zote za mguu wa kushoto, zinaelea. Hicho ni choo cha shilingi 20,000 kwa usiku.

Kwa hiyo usilipie orodha, lipia kinachofanya kazi. Ingia na mhudumu chumbani kabla ya kuandika jina kwenye kitabu. Fungua bomba. Washa hita na usubiri taa nyekundu. Kaa kitandani, maana godoro lililobonyea katikati halionekani likishatandikwa shuka. Tafuta soketi iko wapi: mara nyingi iko moja tu, nyuma ya televisheni, na simu yako italala juu ya kabati. Mhudumu mzoefu hashangazwi na mgeni wa namna hii. Kikikosekana kitu, omba punguzo palepale. 35,000 ikishuka hadi 28,000 kwa sababu hita ni mbovu, umelipwa kwa dakika tano za ukaguzi.

Hita yenyewe inahitaji neno la ziada, kwa sababu Bukoba ina baridi yake. Mji huu hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa huja alfajiri na asubuhi, ngurumo zilizojijenga ziwani usiku zinapofika ufukweni. Ndiyo saa unayotaka kuoga na kuwahi kazini. Kagera nayo kwa miaka mingi imetegemea umeme ulionunuliwa Uganda kupitia Masaka hadi Kyaka, na wenyeji wanajua maana ya umeme kukatika mvua ikianza. Hoteli itakuambia ina jenereta. Uliza jenereta linawasha nini. Majenereta mengi ya gesti hubeba taa na friji ya baa tu. Hita hula umeme mwingi, basi huachwa nje. Nyumba inayokuletea ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni, bila kuombwa mara tatu, ina thamani kuliko yenye hita tatu za ukutani na hakuna umeme.

Mvua hiyohiyo inaleta kero mbili ambazo mgeni wa Dodoma hazitegemei. Kwanza, bati. Chumba cha juu kisicho na dari nzuri kitakuamsha saa 10 alfajiri, na hakuna wa kumlalamikia. Pili, unyevu. Aprili na Novemba taulo hazikauki, na shuka zilizoanuliwa mbichi zinanuka hata zikipigwa pasi. Nusa mto kabla ya kulipa. Ukikaa zaidi ya siku mbili, taulo yako mwenyewe na shuka moja jepesi ndani ya begi vinakuondolea ubishi wote huu.

Kelele ndiyo kero inayokwepeka kwa bei rahisi zaidi, kwa sababu inatokana na mahali zaidi ya bei. Chumba cha 40,000 juu ya baa ni kibaya kuliko cha 15,000 uani. Pale Bukoba, jirani na stendi na soko unapata urahisi wa usafiri pamoja na makondakta wanaoita abiria kabla jogoo hajawika. Muleba mji umekaa kwenye barabara kuu ya Bukoba kwenda Biharamulo, na malori hayalali. Omba chumba cha nyuma, hata kama hakina dirisha la kuvutia. Angalia pia kuta. Gesti nyingi zimejengwa kwa kuta zinazoishia kwenye dari, huku juu ya dari kukiwa na nafasi moja wazi kwa vyumba vyote, kwa hiyo simu ya jirani iliyowekwa spika unaisikia yote, pamoja na deni analodaiwa.

Kuna swali jingine ambalo watu huona aibu kuliuliza: nyumba hii inapokea wageni wa shoti taimu? Gesti inayouza chumba kwa saa mbilimbili ina milango inayobamizwa hadi usiku wa manane na shuka zinazobadilishwa haraka mno. Simlaumu mwenye nyumba, maana chumba kimoja kinamwingizia mara tatu kwa siku. Ila mtu mwenye kikao saa 2 asubuhi hana sababu ya kulala hapo. Wanaotaka utulivu Bukoba huzikimbilia nyumba za taasisi za dini, kama ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Magharibi na ya Kolping, na mara nyingi bei zake hazizidi hizo za self za katikati ya mji kwa kiasi cha kutisha.

Ufukweni ni hadithi tofauti. Unalipia upepo na ziwa, na mchana pesa yako inaonekana. Jioni taa zikiwashwa, wadudu wa ziwani wanazifuata kwa maelfu, na dirisha lisilo na wavu unalifunga, upepo ulioulipia ukabaki nje. Uliza wavu, kisha uliza tena kama hauna matundu. Msimu wa senene, Novemba na Disemba, kuna mitego yenye taa kali, mabati na mapipa, na mara nyingi jenereta lake. Senene ni watamu na sina neno nao. Lakini chumba kinachotazamana na mtego hakina usiku. Omba upande wa pili wa jengo; bei ni ileile.

Kuhusu chandarua, Muleba ina la kuufundisha ulimwengu mzima. Ni wilayani humo ambako watafiti walilinganisha vyandarua vya dawa ya kawaida na vile vilivyoongezwa kemikali ya PBO, inayovunja kinga ambayo mbu wamejijengea dhidi ya dawa. Vya PBO vililinda watoto vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani lilivikubali mwaka 2017, na matokeo kamili yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Halafu mgeni analala Muleba hiyohiyo chini ya chandarua cha duara cha dukani, kisicho na dawa yoyote, kilichofungwa fundo kwenye tundu. Cha duara kina tatizo jingine: kinakushuka mwilini, na mbu anakunywa damu kupitia kitambaa. Cha pembe nne ni bora. Kama safari zako za mkoa huu ni za mara kwa mara, nunua chako chenye dawa na kamba nne. Bei yake ni ndogo kuliko ya usiku mmoja wa chumba cha self, na matibabu ya malaria pamoja na siku za kazi zilizopotea ni ghali kuliko vyote viwili.

Wawili wanaosafiri pamoja wana hesabu yao. Gesti nyingi hubandika tangazo kwamba wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Fundi na msaidizi wake, au dereva na utingo, walioweka bajeti ya chumba kimoja cha 30,000 wanajikuta wanalipa 60,000. Kwao vyumba viwili vya choo cha nje kwa 15,000 kila kimoja vinarudisha bajeti mahali pake, na kila mtu anakoroma peke yake.

Kama kazi yako iko halmashauri ya Muleba au hospitali ya Rubya, usidanganyike na hoteli nzuri za Bukoba. Kwenda na kurudi ni zaidi ya saa mbili barabarani kila siku, pamoja na nauli, na mvua ya asubuhi haina ahadi. Lala Muleba, hata kama televisheni ni ndogo. Kinyume chake, anayeshuka melini na kupanda ndege kesho yake hana la kutafuta nje ya Bukoba mjini.

Na kuna chaguo ambalo halina kibao cha bei. Kwa Mhaya, kulala gesti Bukoba wakati shangazi yuko Kamachumu ni kesi ya ukoo. Kwa shangazi kitanda ni bure. Ila hutaingia mikono mitupu: sukari, sabuni, nyama kilo mbili, nauli ya kufika, na kitu cha kumwachia mkononi wakati wa kuaga. Jumla inakaribia 40,000 bila kelele. Utakula ndizi hadi ushindwe kuinuka, na hakuna atakayekugongea saa 4 kuuliza kama unaendelea. Kwa siku tatu hakuna hoteli inayoshindana naye. Kwa usiku mmoja wenye kikao asubuhi, shangazi ni ghali, maana hatakuruhusu uondoke kabla ya chakula.

Malipo yawe kwa shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kupanga au kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kibao cha dola mapokezi hakikufungi. Dai risiti ya EFD, na uangalie kiasi kilichoandikwa ni kile ulichotoa.

Nikiwekewa 35,000 mkononi kwa usiku mmoja Bukoba, nachukua chumba safi cha choo cha nje kwa 15,000, mbali na stendi, chenye chandarua cha pembe nne na ndoo ya maji ya moto, nakula samaki mzuri kwa zinazobaki na bado narudi na chenji. Kwa wiki nzima napanda hadi hoteli ya 60,000, lakini silipi hiyo 60,000: anayelala usiku saba ana nguvu ya kupunguziwa, na asiyeomba hapewi punguzo na mtu.