Hofu ya Kekee: Usingoje Mpaka Jino Likushinde



Katika zahanati moja niliyofanya kazi alikuja mzee mvuvi, mkazi wa Nyakato hapa Musoma. Alikuwa ameshika shavu. Nilimwamkia, nikamtazama kinywani. Gego moja la chini lilikuwa na shimo la kuingia kichwa cha njiti ya kiberiti. Gego la jirani yake nalo lilikuwa limeanza kuoza. Nilimshauri aende kwa daktari wa meno akazibwe. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu," alisema, "nimepigwa na dhoruba usiku katikati ya ziwa, sikulia. Lakini ile kekee ya meno siiwezi. Nipe vidonge tu."

Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda zake. Hapo nilikosea. Sikumwuliza anaogopa kitu gani. Baada ya miezi minne aliletwa usiku, taya limevimba mpaka shingoni, hawezi kumeza hata mate yake. Tulimkimbiza hospitali. Alipona, lakini ilikuwa bado kidogo tumpoteze kwa ajili ya jino. Gego la kwanza liling'olewa. La pili lilihitaji kuvikwa kofia, kazi ambayo ni kubwa kuliko ile aliyoikimbia.

Makala hii nawaandikia wote wanaoogopa kama mzee yule.

JINO HUOZA KWA SABABU GANI?

Wengi wetu tumeambiwa kwamba kuna mdudu anayetoboa jino. Hakuna mdudu wa namna hiyo. Kinywani mna vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari tunayokula, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha ganda gumu la jino kidogo kidogo.

Ganda likishatoboka, uozo huingia ndani. Mwanzoni huwezi kusikia maumivu. Ukifika kwenye nyama laini ya katikati, palipo na mishipa ya fahamu, ndipo usiku hukosi kuamka. Baadaye nyama hiyo hufa, maumivu hukoma, na mgonjwa hushangilia kwamba amepona. Hajapona. Usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi.

KAZI HUFUATA UKUBWA WA SHIMO

Wavuvi wanajua jambo hili. Mtumbwi unaovuja kidogo huzibwa siku hiyo hiyo. Ukiachwa, ubao wote huoza na fundi huitwa. Ukiachwa zaidi, mtumbwi huzama. Jino nalo ni hivyo hivyo:

1. Shimo dogo huzibwa. Ni kazi ya muda mfupi.

2. Shimo likifika katikati, daktari husafisha mizizi, huiziba, kisha mara nyingi hulivika jino kofia.

3. Jino likiharibika kabisa, hung'olewa.

Basi mwenye hofu ndiye anayepaswa kwenda mapema kuliko wote. Akienda mapema hufanyiwa kazi ndogo. Akichelewa hufanyiwa ile anayoiogopa.

Tena kwa shimo dogo iko njia isiyotumia kekee kabisa. Daktari hukwangua uozo kwa vyombo vya mkono, kisha huziba kwa saruji maalumu ya meno. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikiongozwa na daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, akiwa Dar es Salaam. Ilikusudiwa kwa watu wa mahali pasipo na umeme wala mashine. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitambulisha kwa mataifa mengine. Mwaka 2021 shirika hilo likaiingiza saruji ya namna hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Ukifika kwa tabibu wa meno, muulize kama jino lako linafaa kwa njia hiyo.

KOFIA YA JINO NI NINI?

Jino lililopoteza sehemu kubwa, au lililozibwa mizizi, huwa dhaifu. Ukitafuna mhogo wa kuchoma au mfupa, laweza kupasuka. Kofia hulifunika jino lote mpaka karibu na ufizi na kulishika lisipasuke, kama pete ya chuma inavyoshika mpini. Ziko kofia za madini na ziko za kauri zenye rangi ya jino.

Kazi yenyewe kwa kawaida huchukua safari mbili. Safari ya kwanza daktari hutia ganzi, huondoa uozo, na hupunguza jino pande zote ili kofia ipate nafasi. Kisha hukuumisha kitu laini kama donge la ugali, ambacho huganda na kushika umbo la jino lako. Umbo hilo hupelekwa kwa fundi atengeneze kofia. Wewe huvikwa kofia ya muda na kwenda nyumbani. Safari ya pili, pengine baada ya wiki moja au mbili, kofia yenyewe hujaribiwa na kugandishwa. Ikitunzwa vizuri huweza kudumu miaka 10 na zaidi. Lakini jino lililo chini ya kofia bado laweza kuoza pembeni mwa ufizi, kwa hiyo kupiga mswaki hakukomi.

Kazi ya kofia haifanyiki katika zahanati. Uliza kwanza katika hospitali ya mkoa. Wasipokuwa nayo watakuelekeza mbele, mathalani Bugando huko Mwanza. Uliza pia gharama kabla ya kuanza, ili usiikatishe kazi njiani. Kama fedha haitoshi, sema wazi. Daktari atakueleza njia nyingine, hata kama ni kung'oa. Kung'oa kwa wakati ni bora kuliko kukaa na usaha.

HOFU HUTOKA WAPI?

Hofu ya meno siyo aibu. Watu wazima wengi wanayo, wake kwa waume. Wengine waliumizwa utotoni. Wengine wamesikia habari za watu. Wengine walishikwa kwa nguvu waking'olewa meno bila ganzi.

Wazee wetu wa Mara walikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa desturi ya Wazanaki vijana walichongwa meno ya mbele. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, naye meno yake ya juu yalichongwa. Hapakuwa na ganzi. Leo ganzi ipo. Dawa itumiwayo sana, lidokaini, iligunduliwa Sweden mwaka 1943. Huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu. Sindano huchoma kidogo, na baada ya dakika chache mdomo huwa mzito. Utasikia kusukumwa na mtetemo, lakini usisikie maumivu makali. Ukiyasikia, sema. Ganzi yaweza kuongezwa.

NJIA ZA KUISHINDA HOFU

1. Mwambie daktari mapema: "Mimi ninaogopa." Akijua, atakwenda polepole.

2. Patana naye ishara. Ukiinua mkono wa kushoto, asimame. Mtu anayejua kwamba anaweza kusimamisha kazi huogopa kidogo.

3. Mwombe akueleze kila hatua kabla hajaifanya.

4. Safari ya kwanza nenda ukatazamwe tu. Uzoee kiti, taa na harufu.

5. Nenda asubuhi, usikae kutwa nzima ukiwaza. Kula kwanza, isipokuwa umeambiwa usile.

6. Nenda na ndugu au rafiki. Asiwe yule anayependa kusimulia habari za kutisha.

7. Ukiwa kitini, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Legeza mabega na vidole vya miguu.

8. Usimtishe mtoto kwa kusema, "Nitakupeleka ukang'olewe meno." Maneno hayo ndiyo mbegu ya hofu ya miaka arobaini.

Mweleze daktari pia kama una mimba, shinikizo la damu, kisukari, au kama damu yako hukawia kuganda. Mwenye mimba asikae na maumivu kwa kudhani hawezi kutibiwa. Anaweza. Baada ya ganzi, usile mpaka mdomo urudi katika hali yake, usije ukajing'ata au kujiunguza.

USIFANYE HAYA

Usitie maji ya betri, petroli wala tumbaku katika jino. Huunguza ufizi, na maji ya betri huyeyusha hata meno mazima. Usiweke aspirini juu ya ufizi, kidonge humezwa. Usinunue dawa za kuua vijidudu dukani kila jino linapouma. Dawa hizo hazizibi shimo, na zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona uvimbe chini ya taya, shingoni au karibu na jicho. Ukishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri. Au ukipata homa pamoja na uvimbe. Usingoje kupambazuke. Uvimbe huo waweza kuziba njia ya hewa.

NYUMBANI

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, hasa kabla ya kulala. Mswaki wa mti nao unafaa ukifika nyuma kwenye magego. Punguza soda, pipi, na chai yenye sukari nyingi ya kunywa mara kwa mara.

Mzee wetu alipomaliza kuvikwa kofia alirudi kunionyesha. Nilimwuliza kama kekee ilimwumiza. "Ilipiga kelele tu," alisema. "Kumbe nilikuwa naogopa kelele." Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Siku ile ungeniuliza, ningekwambia."

Tangu hapo kila mgonjwa wa jino ninamwuliza. Nawe, ndugu msomaji, muulize jirani yako anayeshika shavu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maumivu ya jino yakikoma yenyewe haina maana kwamba jino limepona?

2. Ni nani kati yetu ana jino bovu na anaogopa? Anaogopa kitu gani hasa?

3. Tufanye nini ili watoto wetu wasirithi hofu yetu?