Shahada Ipo, Usingizi Hakuna

Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi mwaka 2025, maombi yalizidi 135,000. Kwa kila kiti kimoja, waombaji zaidi ya themanini.

Kijana anayekosa nafasi kama hiyo hakosi mshahara tu. Mama ameshawaambia majirani kwamba mwanawe ameitwa kwenye usaili. Mdogo wake anasubiri ada. Kundi la WhatsApp la harusi ya rafiki wa chuo linatuma orodha ya michango kila asubuhi, jina lake likiwa miongoni mwa wale walioahidi na hawajatoa. Na hata akibahatika kuajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara, kurudisha lile bumu la chuoni aliloliona likiisha kabla ya mwisho wa muhula.

Ubongo ukihisi tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu, tumbo hupunguza kazi yake. Mpango huo unafaa kwa hatari ya dakika chache. Deni na simu isiyoita hudumu miezi, na mwili unabaki katika hali ya tahadhari hata usiku. Ndipo mtu anapopata usingizi saa nane, anaamka saa kumi na moja kichwa kikigonga, na kufikia saa nne ameshagombana na watu wawili.

Rika la ujana nalo lina udhaifu wake. Utafiti wa Ronald Kessler na wenzake, uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba robo tatu ya maradhi ya akili yanayowapata watu maishani huwa yameshaanza wakiwa na miaka 24. Si kila msongo ni ugonjwa, lakini jibu la “utazoea tu” halimfai mtu wa umri huu.

Wengi hutafuta nafuu kwenye simu, na hapo mambo huharibika zaidi. Mikopo ya kausha damu siku hizi haihitaji hata kutoka kitandani: unapakua programu, unairuhusu isome majina yote uliyoyahifadhi, na fedha zinaingia. Ukichelewa kulipa, shangazi, bosi na mchungaji wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kubeti ni ndugu wa balaa hilo.

Njia ya kupunguza msongo iliyopimwa vizuri ilianzia Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua baada ya familia kukosa dola 15 za nauli ya kumrudisha hospitalini. Mwaka 2006, akiwa hana wauguzi wala vyumba, alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, na mabenchi ya mbao kwenye viwanja vya zahanati. Jaribio lililowahusisha watu 573, matokeo yakatoka mwaka 2016, lilikuta kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa na mabibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar.

Bibi hahubiri. Anasikiliza matatizo yote, kisha anamwomba mgeni wake achague moja tu. Tuseme kijana ana deni, hana kazi, na mchumba amemwacha. Akichagua deni, wanalivunja papo hapo: anadaiwa na nani, kiasi gani, nani anaweza kuombwa muda, atampigia siku gani. Wiki inayofuata anarudi kueleza ilivyokwenda. Mchumba bado hayupo, ila deni sasa lina tarehe.

Hilo linawezekana pia kwa rafiki asiyependa kutoa mawaidha (wapo, ingawa wachache), kwa karatasi na kalamu. Kisichotibika nyumbani ni huzuni isiyopungua kwa wiki mbili, kushindwa kula, au pombe kugeuka dawa ya usingizi. Hayo ni ya hospitali. Wazo la kujiua halisubiri wiki wala siku: mtu asiachwe peke yake, apelekwe hospitali iliyo karibu. Wizara ya Afya inapokea simu bila malipo kwa namba 199.