Remmy Ongala na Vyombo vya Watu

Msafiri apandaye daladala kuelekea Sinza atamsikia kondakta akikiita kituo kimoja kwa jina la Kwa Remmy, na huenda abiria aliyeketi kando yake ni kijana ambaye hajapata kulisikia hata gitaa moja la mtu huyo. Si haba mwanamuziki kuachiwa kituo cha basi na umma, bila amri ya baraza wala kibao cha serikali. Mwenye jina hilo ni Ramadhani Mtoro Ongala, aliyezaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, tarehe 10 Februari 1947, akafiwa na wazazi wake angali mdogo, akajifunza maisha na muziki kwa wakati mmoja. Alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 alikuwa mgeni katika bendi ya watu; alipofariki nyumbani kwake Sinza, tarehe 13 Desemba 2010, jina lake lilikuwa limekwisha kuzipita bendi zote alizozitumikia. Njia iliyomtoa huko na kumfikisha huku wameitamani wanamuziki wetu wengi, na waliokwenda nayo hadi mwisho ni wachache.

Ili tuifahamu njia hiyo, yatupasa kwanza kufahamu kwamba katika zama zile mwanamuziki wa dansi aghalabu hakuwa na gitaa lake mwenyewe. Magitaa, ngoma, tarumbeta, vikuza sauti na hata gari la kubebea mizigo vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina nayo ilibadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, hata leo tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ndiyo asili ya herufi DDC zinazolitangulia jina lake. Mwimbaji alipokea mshahara kama karani, na alipogombana na uongozi alitoka mikono mitupu, akaenda kutafuta vyombo vya mtu mwingine. Kwa hiyo hata fundi wa kiasi cha Mbaraka Mwinshehe, ambaye gitaa lake la solo halijapata mpinzani katika nchi hii, alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 hakwenda kusimama peke yake, bali aliunda bendi nyingine, Super Volcano. Na Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, alitoka Safari Trippers akaenda kuiongoza Dar International, akafa mwaka 1995 bila kuachiwa na sauti yake utajiri wowote wa kutajika.

Remmy naye alianzia hapo hapo. Aliitwa kuja kupiga katika Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, na mwanzoni mwa miaka ya themanini akahamia Matimila, ambayo vyombo vyake vilikuwa vya mfanyabiashara. Tofauti yake na wenziwe, kwa maoni yangu, ilikuwa katika tungo. Ilhali wengi waliimba mapenzi na masimango ya bendi kwa bendi, yeye aliimba kifo, ufukara, uyatima na haki ya mnyonge, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, na kwa maneno mepesi ambayo mchuuzi wa samaki aliyafahamu sawasawa na mwalimu. Hapa kwetu Kimbiji, katika siku ambazo Kigamboni haikuwa bado wilaya na sisi tulihesabiwa watu wa Temeke, kumbi za dansi za mjini zilikuwa mbali, lakini redio ya betri haikuwa na umbali. Mtu aliweza kumjua Remmy vema bila kupata kumwona. Na wimbo ambao redio iliukataa, Mambo kwa Soksi, alioutunga karibu na mwaka 1990 kuwahimiza watu watumie kondomu wajikinge na ukimwi, ulisambaa kwa kaseti na katika kumbi. Nadhani hakuna hotuba ya daktari iliyofika mbali kama wimbo ule katika miaka ile ya msiba, na watu hawakukosea walipomwita Dokta.

Lililomtenga hasa na bendi, bila ya yeye kuikimbia, lilitoka ng'ambo. Kanda ya nyimbo zake ilichukuliwa hadi Uingereza, ikawafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD, ambalo Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na mwaka 1988 Remmy na wenziwe wakaalikwa kuzunguka huko. Mwaka ule ule ikatoka sahani ya Nalilia Mwana. Mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 Mambo, zote mbili chini ya lebo ya Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, huko huko Uingereza. Juu ya majalada jina la Remmy Ongala lilitangulia, ndipo likafuata la Super Matimila. Msomaji asilione jambo hilo dogo. Katika desturi yetu bendi ndiyo ilikuwa nyumba na mwimbaji mpangaji wake. Hapo mpangaji akawa mwenye nyumba, na wenziwe wakawa wanakaa kwake.

Mwaka 2001 kiharusi kilimpiga. Jukwaa la dansi, ambalo hutaka mtu asimame hadi usiku wa manane, likawa halimwezekani tena, naye akaingia katika Ukristo wa wokovu, akaacha nyimbo za kale, akaimba injili. Wako mashabiki waliohuzunika, wakasema Dokta amewatupa. Siwezi kukubaliana nao. Aliyeimba juu ya mauti tangu ujanani, akiuliza mnyonge atalilia wapi, hakwenda mbali alipoanza kumwimbia Mungu. Maswali yalikuwa yale yale, na sasa aliyaimba kwa jina lake mwenyewe, bila mwenye vyombo wa kumwagiza.

Lakini iko nusu ya kazi yake ambayo bado imefungwa katika utaratibu wa zamani. Sahani za Uingereza hata leo zinapatikana kwa atakaye kununua, zenye jina la mtunzi na mwaka, ilhali nyimbo ambazo bendi zetu zilirekodi katika studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, zilikusanywa katika maktaba ya redio ambayo sasa imo mikononi mwa TBC, na mwananchi wa kawaida huzisikia pale tu mtangazaji anapopenda kuzipiga. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA, chombo cha kuisimamia, ipo. Kanda hizo zingeorodheshwa, zikahifadhiwa kwa mitambo ya kisasa na kuuzwa kwa bei ya mnyonge, fungu la mapato likaenda kwa warithi wa waimbaji na wapiga magitaa, wakiwamo wale ambao majina yao hayakuandikwa popote ila katika daftari la mshahara.