Jiko la Gesi Linapogoma Kuwaka

Ndugu msikilizaji, kipupwe cha Singida hakina haya. Mji wetu uko juu, kiasi cha meta 1,500 toka usawa wa bahari, na kuanzia Juni upepo unavuma mchana na usiku. Alfajiri mama anawasha jiko la gesi ili watoto wapate uji. Moto unashika. Anageuka kuchukua sufuria, moto umezimika. Anawasha tena, unazimika tena. Mwisho anachoka, analeta jiko la mkaa ndani, anafunga mlango na dirisha. Hapo ndipo hatari inapoingia, nasi tutairudia.

Jiko linalozimika lina sababu, na sababu hutafutwa kwa utaratibu. Kabla ya yote, nusa. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ikivuja tujue. Nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Ukiisikia, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya umeme. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Kama hakuna harufu, tazama jinsi moto unavyozimika. Ukizimika pale unapoachia kishikio cha kuwashia, yamkini jiko lako ni lile lenye kijiti cha chuma kando ya moto. Kijiti hicho kikipata joto hutoa umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaoshikilia njia ya gesi ibaki wazi. Kikipoa, njia hujifunga ili gesi isijae nyumbani. Basi shikilia kishikio sekunde kumi hadi ishirini kijiti kipate moto. Kikiwa na masizi au mafuta, kifute jiko likiwa limepoa. Ikishindikana, mwite fundi. Wako wanaokibana kishikio kwa kijiti cha kiberiti kisirudi. Hao wamemfukuza mlinzi wao wenyewe.

Ikiwa upande mmoja tu wa jiko ndio unaosumbua, aghalabu uji umefurika ukaziba vitundu. Vioshe, vikauke kabisa. Pande zote zikiwa dhaifu, tazama mpira usiwe umejikunja, kisha pima mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake; kinachozidi ndicho gesi iliyobaki. Na ukifunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja.

Wengine husema baridi imegandisha gesi. Sivyo. Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani, na hata butani hugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, baridi ambayo Singida haijazoea. Adui wetu ni upepo. Hamisha jiko mbali na mkondo wa upepo, lakini usizibe dirisha. Na kamwe usiweke mtungi karibu na makaa ati upate joto.

Sasa turudi kwa yule mama na mkaa wake. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na anayelala nayo huenda asiamke. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja na jiko liko ndani, watoeni nje upesi, kisha hospitali.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini mtungi ukiingia nyumbani bila maarifa, siku ya kwanza jiko likigoma familia itarudi kwenye mkaa, tena ndani ya chumba cha kulala.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ndugu msikilizaji, hii inayo. Kinga yake ni pua yako, povu la sabuni na dirisha lililo wazi.